Kwangu Bado Hajarudi

Mwenyekiti, mama mweka kumbukumbu, dada zangu wa hapa Picha ya Ndege na ninyi mliotoka Visiga, nawasalimu. Wa Bwana asifiwe mpo, wa asalaam aleikum mpo, kila mmoja apokee yake. Nimo kwenye kikundi hiki tangu mwaka jana, na kila Jumapili zamu ya kusimama inapozunguka mimi huwa nakumbuka kwamba nimeacha maji jikoni. Leo mwenyekiti amekaa mlangoni makusudi. Basi nimesimama.

Sheria yetu mnaijua, hatutaji majina. Nitasema msichana, nitasema mjomba, nitasema kocha mkuu, na anayejijua atajijua.

Mimi ni kocha msaidizi wa timu ya mpira ya wasichana ya chuo kimoja hapa Kibaha. Wengi mnanijua kama yule dada anayepita asubuhi na gunia la mipira mgongoni. Kuna mmoja wenu aliwahi kunisimamisha akauliza matikiti nauzaje. Usiiname, mama, nilishakusamehe. Kwetu ni Kigoma. Nilikuja huku kucheza, goti na umri vikanikumbusha kwamba hakuna anayecheza milele, nikasoma ukocha, chuo kikanichukua. Ndugu sina hapa, mume sina, nina chumba kimoja na kamba ya kuanikia nguo.

Ngoja niwaeleze kocha msaidizi ni mtu gani, maana mkisikia kocha mnadhani ni bosi. Kocha mkuu anapanga timu, msaidizi anapanga koni. Timu ikishinda, kocha mkuu anapigwa picha. Ikifungwa, msaidizi anaulizwa maji yalikuwa wapi. Jezi nafua mimi. Mfuko wa dawa nabeba mimi. Msichana akiumwa tumbo la mwezi, ananiambia mimi, nami namwambia kocha mkuu kwamba leo huyu ana mafua. Mnacheka, lakini kwa miaka minne wasichana wetu waliugua mafua kila mwezi na mwanaume yule hakuwahi kushangaa.

Na kuna kazi nyingine haikuandikwa kwenye barua ya ajira. Kwenda kuomba wasichana. Mzazi wa kijijini hampi mtu binti yake kwa simu, eti aende mjini akavae bukta. Lazima mtu aende, akae, aseme ni nani, ametoka wapi, binti atalala wapi na atarudi lini. Kocha mkuu ni mwanaume, hawezi kwenda kuomba binti wa watu ikaeleweka vizuri. Kwa hiyo alikuwa ananituma mimi. Wachezaji walikuwa wananiita mshenga.

Ndivyo nilivyofika Marui, kule ndani Kisarawe. Kocha mkuu alikuwa amemwona msichana mmoja kwenye mashindano ya kata, beki wa kushoto, namba tatu. Miguu myepesi, akili ya mpira imetulia, na vyeti vya kuingilia chuo anavyo. Alilelewa na mjomba wake, mkulima wa mihogo na mananasi, maana mama yake alifariki akiwa mdogo. Nilijiandaa kwa hotuba ndefu ya kumweleza mzee kwamba mpira si uhuni. Nikamkuta anasikiliza mechi redioni. Nikasalimia, shikamoo, marahaba, nikaanza hotuba yangu. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, huko chuoni mnacheza na mabeki watatu nyuma au wanne?

Yeye mwenyewe alishacheza ujanani. Mpira hakuwa na neno nao. Neno lake lilikuwa jingine. Alimwita msichana, akauchukua mkono wake wa kulia, akauweka kwenye wa kwangu, akaifunika mikono yetu kwa wake.

"Mwalimu," akaniambia, "hapa nakukabidhi mtu mzima. Siku ya kumrudisha uje naye mwenyewe, mkono kwa mkono. Usinitumie mtu."

Nikasema sawa mzee. Ndugu zangu, nawaambia ukweli, nilisema sawa kama mtu anavyosema sawa akiambiwa afunge mlango. Nilikuwa nawaza gari la kurudi.

Yule msichana alikuja akawa kama mdogo wangu. Jumamosi wasichana walikuwa wanakuja chumbani kwangu, tunafua jezi, wanasukana nywele, wanapika mchele wangu wote wanaumaliza. Yeye alikuwa wa mwisho kuondoka. Anabaki anaosha vyombo, ananisimulia habari za kwao, anamwiga mjomba wake anavyogombana na mtangazaji wa redio. Mwaka wa kwanza ukaisha hivyo, na likizo zote nilimpeleka mwenyewe mpaka kwao. Msidhani sikujua wajibu wangu. Niliujua.

Mwaka wa pili tukafika nusu fainali ya mashindano ya vyuo. Siku mbili kabla ya mechi akageuka vibaya mazoezini, jioni akaja kwangu goti limevimba. Akanishika mkono, kocha usimwambie kocha mkuu, nitapona, naomba nicheze. Nikalikanda goti, nikalifunga bandeji. Asubuhi ya mechi lilikuwa limepungua kidogo. Kidogo tu. Mimi nimecheza mpira miaka kumi na moja, najua goti lililopona na goti lililonyamaza.

Sasa hapa ndipo kwenye aibu yangu. Kulikuwa na maneno kwamba kocha mkuu anaondoka mwisho wa msimu. Kiti chake nilikuwa nakitaka. Nilikitaka mpaka nikakiota. Nikajisemea, nikimtoa namba tatu leo halafu tukafungwa, watasema mwanamke anawalea wachezaji, hawafundishi. Tuko kwenye benchi, timu inapasha misuli, kocha mkuu akaniuliza bila hata kugeuka, namba tatu vipi?

"Yuko fiti, kocha."

Maneno matatu. Nimeyahesabu mara nyingi.

Kipindi cha pili aligeuka kumfukuza winga. Hakuguswa na mtu. Alianguka peke yake katikati ya uwanja. Nikakimbia na mfuko wa dawa, nikapiga magoti pale, na yule mtoto, akiwa na maumivu yale, akanivuta shati akaninong'oneza nisijali, hatasema.

Na hakusema. Baada ya mechi kocha mkuu alimkasirikia mbele ya timu nzima, kwamba ameficha jeraha, amejiumiza mwenyewe na amewaangusha wenzake. Msichana alinitazama mara moja, akainamisha kichwa, akasema samahani kocha. Mimi nilikuwa pembeni nakunja vizibao vya mazoezi. Kizibao kimoja nilikikunja na kukikunjua na kukikunja tena mpaka kikao kikaisha.

Hospitali walisema kano ya goti imechanika, apumzike muda mrefu. Chuo kikamruhusu kuahirisha masomo akajiuguze kwao. Nani wa kumpeleka Marui? Mimi, nani mwingine. Lakini ningetazamana vipi na mjomba? Nikamwambia msichana kwamba siku hiyo nina mazoezi. Nikamsindikiza mpaka kituoni, nikamtafutia siti kwenye gari la Kisarawe, nikampa maelekezo ya gari la pili na bodaboda ya kumalizia, kana kwamba njia ya kwao haijui. Mtu mwenye magongo mawili na begi, na mguu hauwezi kukanyaga. Gari lilipoondoka aliinua gongo moja dirishani kuniaga. Nikarudi kwenye mazoezi ambayo hayakuwepo. Nilikaa uwanjani peke yangu mpaka jua likapungua.

Nilikuwa nampigia kila wiki. Nikaahidi Jumamosi naja. Nikaahidi tena. Mara ya tatu nilipoahidi hakuitikia, akauliza tu timu inaendeleaje. Siku moja nikaomba kuongea na mjomba. Akapokea, nikasalimia, akaitika, nikauliza hali zenu, akasema, "Tupo." Basi. Kisha muhula wa kurudi masomoni ukakaribia, msichana akanipigia mwenyewe. Kocha, mjomba anasema chuo sirudi. Nikauliza kwa nini, akasema hasemi kwa nini. Nikajua ni hasira, na hasira ya haki. Nikaona nikienda ndiyo nitaharibu zaidi. Uoga una maneno mazuri, ndugu zangu, kuliko hata wakili.

Kocha mkuu aliondoka kweli. Nikaitwa ofisini nikapewa ukaimu. Kiti nilichokitaka nikakipata.

Hakuna aliyenitenga, ninachosema msikielewe vibaya. Wasichana walinisalimia vizuri, walikimbia nilipowaambia wakimbie. Lakini Jumamosi wakaacha kuja. Mmoja ana mtihani, mwingine ana mgeni, mpaka ikawa hakuna anayetoa sababu na mimi siulizi. Wawili walikuwa wameiona ile bandeji kabla ya mechi. Nilikuwa naingia chumba cha kuvalia, sauti zinapungua, nikitoka zinarudi. Kwenye mechi nakaa kwenye benchi, na msaidizi sikuwa naye. Mchezaji akiniambia yuko fiti, nilikuwa namtazama mpaka anaogopa, maana mimi najua neno hilo linavyosemwa.

Jioni ndiyo zilikuwa mbaya. Naongea na watu ishirini na mbili saa mbili nzima, napiga filimbi, napaza sauti, halafu nikifunga mlango wangu nagundua kwamba siku nzima sijaongea na mtu. Nikazoea kula nimesimama, kwenye sufuria, kwa sababu kutenga chakula cha mtu mmoja kunachukua muda kuliko kukila. Simu ikiita ni mtu anataka pampu ya mipira. Kuna wakati mama alinipigia kutoka Kigoma akaniuliza, mwanangu una nini, nikamwambia nimechoka na kazi. Alikuwa mtu pekee wa kumwambia, na nikamdanganya. Nilikuwa mpweke, jamani. Nasema hivyo hivyo bila kuzunguka. Nilikuwa mpweke na nilijua nimejipeleka mwenyewe.

Aliyenitoa ni mwenzenu, yupo humu, mwenye genge la mboga hapo njia panda. Uani kwetu kamba ya nguo ni moja. Jumamosi moja nilikuwa naanika jezi, yeye anatandika mchicha wake, akasimama akatazama.

"Mdogo wangu, hebu niambie. Hizi jezi nyingine zinakuja na tope, nazielewa. Hii namba tatu kila wiki inakuja safi na kila wiki unaifua. Inachafukia wapi?"

Nilitaka kumjibu kwa utani. Nikalia. Nililia nimeshika ile jezi iliyolowa, mpaka gauni langu nalo likalowa. Akaacha mchicha juani, na mnamjua anavyoupenda mchicha wake, akakaa na mimi kwenye kizingiti nikamwambia yote, na yale maneno matatu.

Hakunipa pole. Aliniuliza, "Umeshakwenda?"

"Wapi, dada?"

"Ulikomchukua."

Ndiye aliyenileta kwenye kikundi hiki Jumapili iliyofuata. Mnakumbuka nilikaa pale nyuma sikusema kitu, na hamkunilazimisha. Mama mmoja alinipa tu bakuli la maharage ya kuchambua nikachambua na wenzangu. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi nimekaa bega kwa bega na mtu. Jumamosi ya tatu, huyu dada akafunga genge, akanunua sukari na mimi nikanunua doti ya khanga, tukaenda Marui.

Tulimkuta mjomba barazani, redio inaongea mpira. Alipotuona akaizima. Mimi nikaogopa kuliko kama angetukana, kwa sababu mechi ilikuwa dakika za mwisho. Shikamoo, marahaba, karibuni, maji yakaletwa. Yaliletwa na msichana mwenyewe. Alikuwa anatembea bila magongo, mguu wa kushoto anauvuta kidogo. Nikashuka kwenye kiti nikakaa chini kwenye mkeka, nikasema mbele yake. Kwamba goti nililiona. Kwamba niliulizwa nikasema yuko fiti. Kwamba nilisema hivyo kwa ajili ya cheo changu. Kwamba alilaumiwa yeye mimi nikiwa nimesimama pale pale, na kwamba siku ya kumleta sikuwa na mazoezi yoyote.

Msichana alikuwa anafuta bilauri iliyokwisha kukauka. Dada wa genge alitazama nje. Mjomba akaisogeza redio pembeni.

"Goti linaumia, mwalimu," akasema. "Mimi nimecheza, najua. Na binti huyu ni mkaidi, hilo nalijua kabla yako. Nilikuwa nakusubiri wewe."

Nikamwambia najua mzee, ndiyo maana umekasirika ukamzuia chuo.

Akashangaa kweli. "Nani kasema nimemzuia kwa hasira? Nilikukabidhi mtu mkononi. Akaja na bodaboda peke yake, kama mzigo. Yeye yupo, namwona, anakula ugali wangu. Lakini kwangu bado hajarudi. Sasa mtu ambaye sijarudishiwa, nitamtoa vipi tena?"

Jamani. Miezi yote ile nilidhani mlango umefungwa kutoka ndani. Kumbe niliuacha wazi mimi mwenyewe, na mtoto wa watu amesimama kizingitini, haingii wala hatoki, ananisubiri.

Mjomba akanyanyuka, akamwambia msichana chukua begi lako. Msichana akauliza begi la nini, akaambiwa begi ulilokuja nalo. Akalitoa, tupu. Mjomba akatuonyesha njia ya barabarani, nendeni mpaka pale bodaboda ilipomshusha, mje vizuri. Mimi na yule msichana tukatoka, tukatembea polepole kwa sababu ya goti. Majirani wanatazama, watoto wanaona maajabu ya mtu anayetoka kwao na begi tupu. Tulipofika barabarani nikamwomba msamaha, tukiwa wawili tu. Akasema, "Kocha, mimi nilikasirika kuhusu gari tu. Ulivyoniacha kwenye gari."

Nikamshika mkono wa kulia. Tukarudi. Tukafika uani, nikapiga hodi kama mgeni, na mjomba, aliyekuwa anatuona tangu tunageuka njia, akasubiri hodi ya tatu ndipo akaitikia. Nikauweka mkono wa msichana kwenye wake. Nikasema, mzee, nimemrudisha, si mzima kama ulivyonipa. Akaupokea. Akamwangalia msichana kana kwamba ametoka safari siku ile, akamwambia, "Karibu nyumbani." Msichana aliyekuwa hajalia tangu uwanjani, siku ile alilia.

Tulilala pale. Asubuhi baada ya chai nikaomba upya, kama mara ya kwanza, nani mimi, atalala wapi, atarudi lini. Mjomba akauweka mkono wake tena kwenye wangu, akasema safari hii nakukabidhi na goti lake bovu, likivimba nipigie mimi kwanza. Kisha akawasha redio, akaniuliza matokeo ya jana yalikuwaje, maana mimi ndiye niliyemharibia mechi.

Niliporudi Kibaha nilikwenda kwa mwalimu wa michezo wa chuo nikamwambia ukweli, na nikawaambia wachezaji wote, msichana akiwepo. Ukaimu ukaondoka. Akaletwa kocha mkuu mwingine, nami nikarudi kupanga koni. Nilistahili adhabu zaidi ya hapo. Wasichana hawakurudi chumbani kwangu Jumamosi iliyofuata, wala iliyofuata hiyo. Walirudi mmoja mmoja, na wengine hawakurudi kabisa, na jioni nyingine bado ni ndefu. Siwadanganyi kwamba upweke ulifungasha ukaondoka. Unakuja, ila siku hizi ukija nakula nimekaa.

Msichana hachezi tena. Goti lilikataa. Alimaliza hasira zake nalo, akaniomba kukaa kwenye benchi pembeni yangu na daftari la wachezaji wa akiba. Kocha mkuu mpya akiniuliza huyu vipi, mimi namgeukia yeye, na yeye hasemi uongo hata mwenye goti akimlilia.

Nawashukuru. Mwenyekiti, asante kwa kukaa mlangoni. Mama wa maharage, hukujua ulichonipa. Dada yangu wa genge, mchicha wako ulionyauka siku ile ningekulipa na usingepokea, kwa hiyo nakushukuru mbele za watu uone aibu. Na mama yangu Kigoma, nilishampigia nikamwambia yote, akasema alijua kuna kitu, mtoto aliyembeba tumboni hawezi kumficha.

Funzo langu ni dogo. Tukikosa, huwa tunakimbilia kuwaza hasira za tuliyemkosea, tunazipima, tunazikuza, mpaka tunashindwa kwenda. Pengine mwenzako hana hata hasira. Pengine kuna kitu chake tu umebaki nacho mkononi, na anasubiri ukirudishe kwa mkono ule ule.

Sasa mama mweka kumbukumbu, naomba uandike kwamba Jumapili ijayo nina udhuru. Msinisubiri na wala msininunie. Ijumaa yule msichana anamaliza mtihani wake wa mwisho wa chuo, na Jumamosi asubuhi tunaondoka. Nina mtu wa kurudisha.